Harusi yangu Seoul: bata wa mbao, kanga ya kisutu na mama aliyegoma kusujudiwa

Kila nikirudi Tanga lazima atokee mtu aniulize eti ni kweli uliolea bata wa mbao, nikisema kweli watu wanacheka mpaka basi, kwa hiyo ngoja niandike yote mara moja niwe nawatumia tu.

Mke wangu ni Mkorea wa Suwon, tulikutana kazini. Ndoa tulishafunga kimya kimya kwenye ule msikiti mkubwa wa Itaewon, wa tangu 1976, ila kwao bila ukumbi bado hujaoa. Na kumbi za kule jamani ni kama stendi ya basi, gauni jeupe, suti, nusu saa imeisha, watu hao wanakimbilia bufee na maharusi wa saa inayofuata washasimama mlangoni. Mambo ya kizamani yamebaki kwenye kachumba ka pembeni, yanaitwa pyebaek, mnavaa hanbok, mavazi ya asili ya Kikorea, mnawapa heshima wazee mnapigwa picha. Mimi nikasema kama ni picha tu tuache. Mke wangu akakataa, bibi yake yupo hai na kila akipiga simu anaulizia bata.

Bata mwenyewe ni bukini, wanamwita gireogi. Zamani bwana harusi alikuwa anampelekea mama mkwe bukini mzima mzima, siku hizi ni wa mbao, anafungwa kwenye kitambaa kizuri. Sisi tulinunua jozi pale mtaa wa Insadong. Maana yake wanasema bukini akishampata mwenzie ndo huyohuyo, hata akifiwa hatafuti mwingine. Mke wangu alinieleza hiyo huku ananikazia macho, afu akaongeza "mmoja, sio wanne", nikasema mama nimeelewa. Mama yangu nilivyompigia kumwambia akauliza, "Na mahari ndo huyo bata tu?"

Kazi ikaja kwenye kuinama. Kwenye pyebaek wazazi wa mwanaume wanakaa chini nyuma ya meza, maharusi wanawapigia salamu kubwa, mikono imekunjwa inapandishwa usawa wa paji, mwanamke wa kulia juu na mwanaume wa kushoto juu, afu mnashuka mpaka sakafuni, na sisi wanaume kichwa kinafika kabisa kwenye mikono. Mama alikuja wiki 2 kabla, tukamwonesha video. Akakaa kimya muda, afu akasema, "Mwanangu, hapo mnanisalimia au mnanisujudia? Maana mimi sisujudiwi." Na mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nalifikiria hilo hilo kwa upande wa wakwe, sema nilikuwa naogopa kulitaja.

Nikajikaza nikaenda kwa baba mkwe. Yule mzee ni wa kanisani, Mprotestanti, nikajua hapa nitaonekana nadharau mila za watu. Akacheka. Akaniambia yeye alipookoka ujanani aligoma kuinamia meza ya tambiko la mababu, wakagombana na baba zake wadogo miaka, kwa hiyo hili hakuna wa kumfundisha. Yani nililala siku 3 vibaya kwa ajili ya jambo ambalo mzee kalipitia kabla sijazaliwa.

Suluhisho alilileta mke wangu. Niliwahi kumwambia kwamba shikamoo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, akasema bas mikono nitapandisha kama kwetu, nitapiga goti kama kwenu, na hapo naishia. Siku ya siku akafanya hivyohivyo, na vile vidoa vyekundu vya kufukuza mabaya shavuni na kwenye paji, akasema "Shikamoo mama", mama akaitika "Marahaba mwanangu" sauti inamkatika. Wakwe zangu niliwainamia kwa kusimama, mpaka kiunoni, wakaridhika.

Aliyetusumbua ni yule mama msaidizi wa ukumbi, anakimbizana na saa, mara hatua mmeikosea, mara wazazi wa mwanamke wabaki nje kwa sababu asili yake pyebaek ni ya upande wa mume. Hiyo kweli, ila siku hizi wengi wanaingiza pande zote na sisi tulishakubaliana. Mke wangu akamjibu neno moja tu ambalo sijalielewa mpaka leo, wazazi wakaingia. Pombe ya kuwamiminia wazee tulibadilisha tukaweka sikhye, kinywaji kitamu cha mchele na kimea, mama akasema ni togwa hii.

Afu kuna kurushiwa daechu, yaani kunazi kavu, na njugu za chestnati, mnatega kitambaa, mlizodaka ndo idadi ya watoto, daechu wa kiume njugu wa kike. Badala ya kile kitambaa chao cheupe tukatega kanga ya kisutu aliyokuja nayo mama. Mama alizidhania daechu ni tende, kaonja moja kabla ya muda. Akarusha, tukadaka 9 kwa 4. Kauliza, "Hao tu? Nirudie?" Bibi wa mke wangu hajui Kiswahili hata neno ila alicheka mpaka akafuta machozi.

Vingine tulipita navyo haraka. Wamama waliwasha mishumaa mwanzoni, mama yangu na hanbok ya bluu maana ndo rangi ya upande wa mume, kajitanda mtandio, anasema limemsitiri kuliko magauni yote ya harusi za Dar. Mke nilimbeba mgongoni, mama naye kubebwa akakataa katakata.

Wale bata wako juu ya kabati la tivi mpaka leo. Wanawekwa midomo imeangaliana, kukiwa na ugomvi mnawageuza. Juzi nilisahau kumchukua mama mkwe stesheni, nimekaa siku 2 naangalia mkia.