Sikio la mtoto kati ya Moshi na Uholanzi

Miezi ya baridi ikiingia hapa Moshi, watoto huanza mafua, na nyuma ya mafua hufuata sikio. Sababu yake inafahamika: mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua ni mfupi kwa mtoto mdogo, tena umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo ukivimba kwa mafua, majimaji hutuama ndani na vijidudu humea humo hadi kiwambo cha sikio kinavimba na mtoto halali. Ugonjwa ni huo huo Moshi, Arusha na Amsterdam, lakini matibabu yanatofautiana, na tofauti hiyo imezua maneno katika familia nyingi zenye ndugu ng'ambo, yangu ikiwamo.

Wifi yangu anayeishi Uholanzi alitupigia simu kusema kwamba daktari amemwangalia mwanawe, akampa dawa ya maumivu tu, akamwambia asubiri. Mama mkwe wangu alisikitika sana, akidhani mjukuu wake amepuuzwa. Kumbe daktari alifuata utaratibu. Madaktari wa familia wa nchi ile wana mwongozo wa kusubiri kwa uangalizi, yaani kumfuatilia mtoto kwanza bila kumpa antibayotiki mara moja, tangu 1990. Marekani, ambako antibayotiki zilikuwa kawaida kwa karibu kila sikio linalouma, iliruhusu kusubiri kwa baadhi ya watoto katika mwongozo wa madaktari wa watoto wa 2004. Uingereza, daktari anaweza kumwachia mzazi cheti cha dawa cha akiba, cha kutumika ikiwa siku 3 zimepita bila nafuu au hali ikizidi. Msingi wa yote hayo ni kwamba takriban watoto 6 kati ya 10 hupata nafuu ndani ya saa 24, wawe wamepewa antibayotiki au la, ilhali dawa hizo huweza kuleta kuharisha, kutapika na vipele, na zikitumiwa ovyo hujenga usugu wa vijidudu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba habari hii hufika kwetu ikiwa nusu. Husikika kuwa "Wazungu hawatibu sikio", na masharti yanabaki huko huko. Huko kusubiri huanza baada ya daktari kulitazama sikio kwa kifaa chenye taa, na mzazi hurudi kirahisi hali ikibadilika. Zaidi ya hayo, mtoto aliye chini ya miezi 6 hasubirishwi, na mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye maambukizi masikio yote mawili, au yule ambaye sikio limeshaanza kutoa usaha, kwa kawaida hufikiriwa kupewa antibayotiki. Watoto wetu wengi hufikishwa zahanati usaha umeshatoka, kwa sababu ya nauli, foleni, au kujaribu kwanza mafuta ya moto na maziwa ya mama. Mtoto wa namna hiyo, huenda hata Uholanzi asingeambiwa asubiri.

Ndiyo maana siuoni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaofuatwa katika zahanati zetu kuwa umepitwa na wakati. Umeandikwa kwa ajili ya mhudumu ambaye huenda hana kifaa cha kutazama ndani ya sikio: anauliza kuhusu maumivu, anatazama usaha, anapapasa nyuma ya sikio. Maumivu, au usaha wa chini ya siku 14, hutibiwa kwa antibayotiki ya siku 5, dawa ya maumivu na kukausha sikio, kisha mtoto hurudishwa siku ya tano. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni rufaa ya haraka, kwa kuwa maambukizi yameingia kwenye mfupa.

Kukausha sikio ndiko tunakokupuuza zaidi. Muuguzi mmoja alinionyesha hatua kwa hatua: kipande cha kitambaa laini, safi, kinachonyonya maji, kinasokotwa kuwa utambi, kinaingizwa taratibu sikioni na kuachwa kilowe, kikitoka na usaha kinatupwa, kinawekwa kingine kikavu, hadi utambi utoke mkavu. Hufanyika angalau mara 3 kwa siku. Vijiti vya pamba havitumiki, na mafuta hayatiwi kabisa.

Usaha ukifikisha siku 14 au zaidi, mambo hubadilika: vidonge havisaidii sana, bali sikio hukaushwa na kutiwa matone ya antibayotiki kwa siku 14. Hapo ndipo ninapowasihi akina mama wenzangu wasikubali kuambiwa kwamba sikio litapona lenyewe mtoto akikua. Nimemwona mtoto wa jirani akikaa dawati la nyuma, akiitwa mzembe, kumbe hasikii vizuri. Daktari wa masikio, pua na koo yupo KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, na kupima usikivu kunawezekana. Mtoto aombewe rufaa mapema, kabla hajaanza darasa la kwanza.