Ijumaa moja Gouyave: siku yangu kati ya jodari na kungumanga

Saa 11 alfajiri. Nyumbani Tanga ni saa 6 mchana, basi ndiyo saa ya kumpigia mama. "Umekula, mwanangu?" Bado mama, huku hata jogoo hawajaamka.

Saa 1 asubuhi. Nashuka dikoni. Gouyave iko pwani ya magharibi ya Grenada, kisiwa cha Karibi, na ukipita watu bila kusalimia umeshajiharibia siku, sawa na kwetu. Boti iliyotoka juzi imeingia na jodari. Wanawavua kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, uvuvi ulioshika kasi hapa miaka ya 1980.

Kazi yangu ni kupanga madaraja ya ubora wa samaki kwa niaba ya mnunuzi. Nadunga kijibomba chembamba cha chuma karibu na pezi, nakizungusha, nakichomoa na uzi wa nyama. Nausogeza kwenye mwanga: uwe mwekundu, unang'aa, una mafuta kidogo. Kisha kipimajoto. Jodari aliyepata joto hutengeneza histamini, sumu ambayo haina harufu wala haitoki kwa kupikwa, kwa hiyo pua ya mvuvi haitoshi hata awe hodari vipi.

"Binti, barafu ilitosha huyo," nahodha ananiambia.

Haikutosha. Nyama imeanza kuwa kahawia. Namwandikia daraja la chini, naye ananuna waziwazi.

Saa 5. Waliofaulu wamefungwa na barafu kwenye makasha, gari linaelekea uwanja wa ndege wa Maurice Bishop, na kutoka hapo ng'ambo. Hili huniuma kidogo: mji unavua jodari wa hali ya juu, halafu unabaki na aliyekataliwa.

Saa 7 mchana. Mama jirani, ambaye kila mtu humwita Tantie, amepika "oil down": shelisheli, tui la nazi, manjano, majani ya mayugwa. Mpishi wa Tanga angejiona kwao, mpaka akute mkia wa nguruwe. Mimi hunitengea sufuria yangu, yenye samaki wa chumvi.

Saa 9 alasiri. Napita kituo cha kungumanga, jengo la mbao lililojaa harufu. Akina mama wanachambua kwa mkono. Kokwa zinamwagwa majini, zinazozama ni nzuri, zinazoelea huenda kukamuliwa mafuta. Basibasi, ule utando mwekundu unaozunguka kokwa, hukaushwa peke yake. Kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiling'oa mikungumanga mingi sana, na kwa kuwa mti huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, wakulima wengi waliokuwa na mashamba mlimani walihamia kakao au wakaacha kabisa.

Saa 1 usiku. Ijumaa ya Samaki! Mitaa imefungwa, majiko ya mkaa yamepangwa, muziki unatetemesha vifua. Kamba wakubwa, pweza, vitumbua vya samaki. Na nani yuko nyuma ya jiko la tatu? Nahodha wangu, anachoma jodari niliyemshusha daraja: alimwuza nusu, nusu akamleta hapa. Naomba punguzo.

"Wewe? Bei kamili, na ndimu ni pesa mbali."