Sisimizi wa Dalí

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, nikasema ngoja niangalie kitu kifupi nilale. Nikaangukia Un Chien Andalou, filamu ya mwongozaji Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí ya mwaka 1929. Haifiki hata nusu saa. Jamani! Hata sijakaa vizuri, mtu ananoa wembe, wingu jembamba linapita mbele ya mwezi, halafu wembe unapita kwenye jicho. Simu niliirusha kitandani. (Kumbe ni jicho la ndama. Afadhali, ingawa ndama naye…)

Mdogo wangu kauliza, "Dada, sasa inahusu nini?" Sikuwa na jibu. Ilitokana na ndoto mbili: Buñuel aliota wingu likikata mwezi, Dalí akaota mkono uliojaa sisimizi.

Dalí huyohuyo mwaka 1945 akaenda kwa Disney kuchora katuni, Destino. Ikakwama, ikaja kumalizwa 2003. Nayo tukaitazama: sisimizi wanatoka kiganjani, wanageuka watu juu ya baiskeli! Walewale wa 1929, wamepata usafiri tu.

Asubuhi nimewakuta wengine kwenye kopo la sukari. Nimekunywa chai bila sukari.