Kimalagasi, mtendaji anakuja mwisho

Jamani leo nimefurahi! Niko Antananarivo, Madagaska, jioni hii mama mwenye nyumba kanikalisha jikoni ananifundisha Kimalagasi huku anachambua mchele.

Akasema: Nividy vary ny vehivavy.

Yaani alinunua, mchele, yule mwanamke. Kitendo kwanza, kitu kinafuata, halafu mtendaji ndo anamalizia, kwahiyo unashajua kilichofanyika ila bado unamsubiri aliyefanya, na kale kakungoja kadogo ndo kamenikaa moyoni mpaka saa hizi.

Wakati nao ni herufi ya mwanzo tu: mividy ananunua, nividy alinunua, hividy atanunua. Awe mimi, wewe au wao, kitenzi hakibadiliki! Raha sana.

Ndugu zangu wa Mayotte mnaosikia Kibushi, ile lahaja ya Kimalagasi ya huko kisiwani kwenu, nacho kinaenda hivyohivyo? Niandikieni sentensi hapa chini.