Akiwa mwanamke ndiye mkubwa: kuandika mpenzi wa miaka 48

Hadithi za mapenzi zinazopita kwenye simu zetu hapa Lubumbashi, zile zinazotumwa sehemu kwa sehemu, zina desturi moja. Mwanamume akiwa na miaka 45 na msichana 22, pengo hilo la miaka 23 linatajwa mara moja, mara nyingi na rafiki wa msichana, halafu hadithi inaendelea. Mwanamke akiwa na 48 na mwanamume 34, pengo limeshuka mpaka 14, lakini hadithi inageuka kesi. Kila sehemu kuna shahidi: jirani, mchungaji, binti, muuza mkaa. Mwanamke hapendwi tena, anajitetea tu.

Hapo ndipo kosa lilipo, na linaweza kurekebishwa kwa kalamu.

Kiswahili kinatupa kipimo ambacho mwandishi wa Kifaransa hukipata kwa taabu. Vitenzi vyetu havisemi kama mtu ni mume au mke. "Alimtazama, akanyamaza" inaweza kuwa ya yeyote. Kwa hiyo chukua ukurasa mmoja wa hadithi yako, uunakili, kisha badilisha majina na maneno machache kama mume na mke, kaka na dada. Mengine yote yaache. Soma kwa sauti. Mfano:

"Didier alikuwa na mvi karibu na masikio. Alitembea taratibu, kama mtu ambaye maisha yamemfunza. Aliagiza samaki kwa meza nzima bila kuuliza bei."

Sasa mahali pa Didier weka Béatrice. Mvi za Didier zilikuwa heshima. Za Béatrice msomaji anaanza kujiuliza kwa nini hakuzipaka rangi. Mwendo wa taratibu umekuwa maumivu ya magoti. Na samaki wa meza nzima? Anamnunua kijana. Hakuna hata neno moja lililobadilika isipokuwa jina. Sentensi unayoionea aibu baada ya kuigeuza ndiyo iliyobeba hukumu, na mara nyingi dawa yake si kuifuta bali kuiongezea kitu kimoja cha kweli: Béatrice anatembea taratibu kwa sababu ametoka sokoni na bando la vikwembe, yaani vitambaa vya kuvaa, kichwani.

Kuanzia hapa Béatrice, muuza vitambaa, ana 48, na Didier si yule wa mvi tena: ni mpenzi wake wa miaka 34. Kuna kitenzi kimoja kinachokataa kugeuzwa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukiandika "Béatrice alimwoa Didier", wasomaji watacheka, na kicheko hicho kitaharibu sura uliyoijenga kwa juhudi. Ukiandika "aliolewa na Didier", umemrudisha mwanamke mwenye nyumba yake na biashara yake kwenye kiti cha msichana anayesubiri. Tumia "walioana". Lipo katika lugha tangu zamani, halichekeshi mtu, na halimshushi yeyote.

Kitu kinachopuuzwa kuliko vyote ni namna watu wanavyoitana. Katika hadithi ya mzee na msichana, mzee anamwita msichana jina lake tangu siku ya kwanza, naye msichana anamwita "papa" au "mzee" mpaka karibu na harusi. Hakuna msomaji anayeshtuka kwamba binti anaolewa na mtu aliyekuwa akimwita papa. Upande wa pili, Didier alianza kununua kwa Béatrice akisema "Jambo, Mama Gloria", kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku atakapoliacha jina hilo ndiyo siku ya hadithi. Usiipitishe haraka. Andika kwanza wiki ambayo hamwiti chochote, anasalimia tu na kuangalia vitambaa. Kisha mbele ya wateja wawili aseme "Béatrice, hiki cha bluu bei gani?" Mkono wa Béatrice usimame juu ya kitambaa. Mteja mmoja ainue kichwa. Sura hiyo ina nguvu kuliko busu, na haiwezi kuandikwa vizuri na mtu asiyejua uzito wa kuitwa mama fulani kwa miaka ishirini.

Upendeleo huu si wetu peke yetu. Katika Emma, riwaya ya Mwingereza Jane Austen iliyotoka Desemba 1815, Emma yuko karibu na miaka 21 na Knightley, atakayemwoa, ana 37 au 38. Miaka 16 kati yao inakuwa jambo la utani, na baba wa msichana anapinga ndoa kwa sababu hataki nyumba yake ibadilike, si kwa sababu ya umri. Katika Chéri, riwaya ya Mfaransa Colette ya mwaka 1920, Léa ana 49 na kijana anayependana naye 25. Mwishoni kijana anaondoka na Léa anaona kwenye kioo mwanamke mzee. Kitabu ni kizuri sana, lakini kioo hicho kimeigwa na waandishi wengi mno. Kwetu, mwaka 1985 mwanamuziki Franco aliimba wimbo Mario, juu ya kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, na jina hilo likawa neno la kumtukania mwanamume wa namna hiyo, mpaka Tanzania wanakosema "marioo". Msichana anayetunzwa na mzee, watu husema amepata bahati. Na "ng'ombe hazeeki maini" mara nyingi husemwa kwa mzee wa kiume, tena kwa kumsifu. Jaribu kumpa Béatrice msemo huo kinywani mwa rafiki yake wa kike, usikie unavyolia.

Sheria yetu yenyewe ilishika njia hiyo muda mrefu. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 iliruhusu mwanamume kuoa akiwa na 18 na msichana kuolewa akiwa na 15. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 na marekebisho ya Kanuni hiyo mwaka 2016 yakaweka 18 kwa wote wawili. Ndiyo maana sioni kwamba kila pengo ni sawa. Miaka 14 kati ya 18 na 32 ni ya mtu mwenye nyumba na mtu asiye na kitu. Kati ya 34 na 48 kila mmoja ana kazi, madeni na ufunguo wake. Mwandishi apime nani anaweza kuondoka kesho asubuhi na bado akala. Hiyo ndiyo hesabu yenye maana.

Halafu mpe Béatrice miaka yake kweli. Akiwa na 48 mwaka 2024, alizaliwa 1976. Alikuwa na miaka 15 wakati wa uporaji wa 1991, ulioanzishwa na wanajeshi. Vikosi vya Laurent Kabila, vilivyompindua Mobutu, vilipoingia mjini Aprili 1997 alikuwa na 20 au 21. Wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipoacha kazi kwa malipo mnamo 2003 na 2004, alikuwa na 27 au 28, na nyumba nyingi za Lubumbashi zikaanza kula kwa mkono wa mama: meza sokoni, safari za Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na likelemba, yaani upatu wa kuchangishana kwa zamu. Mwanamke huyu hawezi kushangazwa na bei ya chakula kama msichana wa riwaya, wala hahitaji kijana wa kumfundisha maisha.

Mwili wake pia uandikwe bila kelele. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo siku zinapotea na kurudi, joto linapanda ghafla usiku, usingizi unakatika. Anaweza kuhitaji miwani ya kusoma ujumbe wa mpenzi wake. Viandike hivi kama unavyoandika jasho la kijana uwanjani. Kosa kubwa ni mimba ya muujiza: mwandishi anaogopa swali "atazaa?" basi anampa mapacha akiwa na 49. Swali hilo lijibiwe na wawili wenyewe, mapema, kabla ya nusu ya hadithi. Didier aseme anataka mtoto au hataki, na jibu lake liwe na gharama.

Fedha: orodhesha nani alilipa nini katika mikutano mitatu ya kwanza. Kama ni Béatrice mara tatu, msomaji ameshamwita Didier mario, na hutamtoa tena. Umri wenyewe, katika hadithi ya sehemu kumi na mbili, utajwe mahali patatu: unapojulikana, familia inapousikia, na wao wawili wakiwa peke yao. Ukizidi hapo unaanza kuomba msamaha.

Sura ngumu kuliko zote, na ambayo sijaiona ikiandikwa vya kutosha, ni ya mama yake Didier. Akimzaa akiwa na 20, sasa ana 54. Amemzidi Béatrice miaka sita tu. Inawezekana kabisa wamo katika likelemba moja na wanaitana "yaya", yaani dada mkubwa, na "dada". Jumapili Béatrice anakaribishwa kwake, bukari (ugali) imepakuliwa, sombe (kisamvu) iko mezani, na wote wawili wanangoja nani atamwita mwenzake kwanza, na kwa jina gani.