Usiku Bibi Aliponijibu kwa Tasbihi

Mwanzoni mwa mwaka 2010 Unguja ilikuwa kizani. Umeme unaovuka bahari kutoka Tanzania Bara ulikuwa umekatika tangu Desemba 2009, na haukurudi mpaka Machi. Pampu za maji zilisimama, mifereji ya mtaani ikakauka, na waliolala usingizi mzuri ni wenye majenereta, maana wao walikuwa na mapangaboi. Nyumbani kwa Bibi, Kikwajuni, jenereta halikuwapo. Nilikuwapo mimi, kijana wa sekondari, pamoja na madumu ya lita 20 niliyokuwa nikiyajaza kisimani kila siku baada ya Alasiri.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa Januari, joto la kaskazi limekaza, na viganja vyangu vimechubuka kwa kamba ya kisima. Baada ya sala ya Isha nilimwomba Bibi atoe pesa kidogo tumlipe mwenye mkokoteni awe anatuletea maji. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu Magharibi, na niliyasema kwa adabu zote.

"Katie udhu kwanza, baba, halafu uje," akasema, wala hakuongeza neno.

Kulala kwa Bibi kulikuwa na utaratibu wake, na sehemu kubwa ya utaratibu huo ilikuwa kazi ya mikono. Alianzia mlangoni, akasukuma komeo huku akisema Bismillahi, akafunika mtungi, akaweka kawa juu ya sahani ya mkate uliobaki, kila kimoja kwa Bismillahi yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyoagiza katika Hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah. Kisha akaifikia taa. Siku zile majirani wengi waliacha kandili ziwake usiku kucha, lakini Bibi hakukubali hata utambi uteremshwe tu, kwa sababu tumeamrishwa kuzima taa tunapolala, na sababu iliyotajwa ni panya anayeweza kuuburura utambi akawaunguzia watu nyumba. Mimi niliyewajua panya wa Kikwajuni sikuwa na la kubisha.

Alikung'uta kitanda mara tatu kwa pindo la kanga yake, akaniambia nilale ubavu wa kulia kwenye mkeka wangu kando yake. Tulisoma Ayatul Kursiy. Kisha tukaunganisha viganja, tukavipulizia, tukasoma Kulhuwallahu, Falaq na Nas, tukajipangusa kuanzia kichwani na usoni hadi kila mahali mikono ilipofika, na tukarudia hivyo mara tatu. Jasho la usoni liliingia kwenye michubuko, nikaguna. Bibi akaushusha mkono gizani, akakitafuta kiganja changu, akakipapasa taratibu kwa kidole gumba. Ndipo akanipa jibu langu.

Alinisimulia kwamba Bibi Fatma, binti wa Mtume, aliumia mikono kwa kusaga nafaka kwa jiwe. Aliposikia kuwa Mtume ameletewa mateka, alikwenda kumwomba mtumishi, hakumkuta, akamwachia ujumbe Bi Aisha. Usiku, yeye na Sayyidna Ali wakiwa wamekwisha kulala, Mtume akawajia. Walipotaka kuinuka akawazuia, akaketi baina yao, hata Ali akauhisi ubaridi wa miguu yake kifuani. Akawafundisha jambo lililo bora kwao kuliko mtumishi: wanapokwenda kulala waseme SubhanaLlah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34.

"Na mtumishi hakupewa?"

"Hakupewa. Sasa hesabu."

Nimewasikia wengine wakiisimulia Hadithi hii kana kwamba mikono ya Bibi Fatma haikuwa lolote. Bibi hakuisimulia hivyo. Habari ya mikono aliirudia mara mbili, na alikaa sana pale Mtume alipotoka mwenyewe usiku kwenda kwa binti yake badala ya kumtuma mtu na jibu. Hilo, naona, ndilo alilotaka nilisikie, ingawa usiku ule nilisikia tu kwamba pesa ya mkokoteni haitoki.

Nilihesabu kwa pingili za mkono wa kulia, tatu kwa kila kidole, mizunguko miwili na kidole kimoja juu yake. Nilipokuwa kwenye Alhamdulillah, Bibi akaongeza kwamba Sayyidna Ali hakuziacha tasbihi hizo tangu siku ile, na alipoulizwa kama hata usiku wa vita vya Siffin, alijibu kuwa hata usiku wa Siffin.

"Lakini Siffin hapakuwa na madumu, Bibi."

Alicheka mpaka hesabu ikampotea, ikabidi aanze upya takbira zake.

Kesho yake, kabla ya kisima, alinipaka mafuta ya nazi, akanifunga viganja kwa vipande vya kanga kuukuu, akanikabidhi madumu. Mwenye mkokoteni hakuitwa kipindi chote kile, na umeme uliporudi hakuhitajika tena.