Siku moja maishani mwangu: kuhesabu fremu za farasi wanaoruka

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inatetemeka chini ya mto kabla hata kengele haijalia. Ni shemeji. Huko nyumbani ni saa mbili na nusu na jua limeshawaka. Hapa Uingereza ni giza na dirisha limeganda. "Shem, habari za kuamka? Nani anashinda leo? Nipe mkeka." Mwaka wa nne huu namweleza kwamba mimi sibeti, napima. Ananijibu kwa alama ya kucheka. Mkeka wake wa Jumamosi ulichanika na moyoni anaamini nilikuwa najua.

Basi niseme mara moja kazi yenyewe ni nini. Nachukua mbio za farasi za kuruka, nazikata vipande, napima kila kipande kimechukua sekunde ngapi, halafu naandika nani aligawa nguvu zake kwa akili na nani alizimaliza mapema. Kampuni yetu ndogo inauza takwimu hizo kwa wakufunzi, kwa wenye farasi, na ndiyo, kwa wabashiri pia. Viwanja kadhaa siku hizi vina vifaa vya setilaiti vinavyofuata kila farasi, lakini vikigoma, au mbio ikiwa ya zamani, kinachobaki ni macho, stopwochi na video.

Saa moja nasoma taarifa ya uwanja. Ardhi ikiganda hakuna mbio, maana kwato hazina pa kuzama farasi anapotua, lakini wakaguzi wamepitisha. Ardhi ni laini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari ambao karibu kila mtu huuruka: uzio wa ndani umesogezwa ili nyasi zilizochakaa zipumzike, kwa hiyo mbio za maili mbili zimeongezeka yadi 66. Kwangu mstari huo ndio habari ya siku. Falongi moja ni yadi 220, na kwenye ardhi laini farasi wa kuruka huimaliza kwa sekunde 15 hivi. Yadi 66 ni sekunde nne na nusu. Usipoziondoa, kila farasi wa leo atakuwa goigoi kwenye vitabu vyako.

Saa nne niko uwanjani na buti za mpira, nasukuma gurudumu la kupimia kutoka kiunzi hadi kiunzi. Sitautaja uwanja huu, mkataba hauniruhusu, ila ni mdogo, wa kusini, wa kuzunguka kushoto. Nauzunguka peke yangu. Viunzi ndiyo mawe yangu ya maili: najua kutoka hiki hadi kile ni yadi ngapi, kwa hiyo miguu ya mbele ya kiongozi ikiacha ardhi, nabonyeza. Nikikosea hapa kwa yadi kumi, jioni nzima itakuwa uongo wenye desimali mbili.

Jambo moja ambalo mtu wa nje halioni ni mwanzo. Mbio za tambarare, zisizo na kuruka, huanzia kwenye vibanda, milango inafunguka kwa pamoja. Hizi zetu zina utepe tu na mtu mwenye bendera. Mara wanakuja kwa kutembea na kuachiwa wakiwa tayari mwendoni, mara wamesimama kabisa na wawili wanatazama nyuma. Tofauti yake ni sekunde kadhaa ambazo hazihusiani kabisa na uwezo wa farasi. Ndiyo maana napiga saa mara mbili, moja kutoka utepe, nyingine kutoka kiunzi cha kwanza, na ninayoiamini ni hiyo ya pili.

Mbio ya kwanza, saa sita na dakika arobaini, maili mbili za viunzi. Farasi mmoja mwenye baka jeupe usoni aliondoka kama anafukuzwa na nyuki, wengine wakaona haya kubaki, wakamfuata. Falongi tatu kutoka mwisho akaanza kuyumba, akapitwa na mmoja, wa pili, wa tatu. Akamaliza wa nne. Watu kando yangu walimcheka joki, mpanda farasi wake. Mshindi: dakika nne na sekunde nne na nusu. Mbio ya pili ilipita bila kisa.

Mbio ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

Ilikuwa tena maili mbili za viunzi, umbali uleule, ardhi ileile. Jike la kahawia likashika uongozi, joki wake akalibana mwendo mpaka kundi zima likawa kama linakwenda sokoni. Hakuna aliyethubutu kumpita. Wakaingia mnyoofu wa mwisho, kile kipande kilichonyooka hadi mstari, akaliachia, likashinda kwa urefu wa farasi watano bila kuguswa. Watu walipiga makofi. Dakika nne na sekunde 11. Nikatuma namba za awali: jike limepata 118, ndiyo alama yangu ya uwezo wa farasi, ikiwa kubwa ni bora.

Saa nane kamili simu. Mwenye sehemu ya yule jike, mteja wetu, analipa kila mwezi na hachelewi. Namwita bwana, yeye ananiita rafiki kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

"Rafiki, umekosea kuandika. Ulitaka kuandika 130."

Nikamwambia sijakosea.

"Falongi tatu za mwisho alizikata kwa sekunde 43 na nusu. Hakuna aliyezifanya haraka hivyo leo. Namba ni yako mwenyewe!"

Kweli ni yangu. Na hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, kwa sababu mtu akishika namba moja ya kweli huwezi kumnyang'anya. Nikaanza kwa upole. Falongi 13 na ushee za mwanzo, jike lako lilichukua sekunde 207 na nusu. Katika mbio ya kwanza kiongozi alipita hapohapo kwa 198. Hiyo ni tofauti ya sekunde tisa na nusu, na kwenye ardhi laini kila sekunde ni kama urefu wa farasi wanne. Wangekimbia pamoja, jike lako lingeingia mnyoofu likiwa nyuma kwa zaidi ya farasi 35. Liliokoa sekunde tatu mwishoni, ndiyo. Mtu aliyelala mchana kutwa lazima awe na nguvu usiku.

Akakata simu. Nikadhani yameisha.

Saa nane na nusu akapiga tena, sasa amechora kwenye karatasi. Nikamweleza hesabu tunayoitumia: chukua kasi ya kipande cha mwisho, igawe kwa kasi ya mbio nzima, zidisha kwa mia. Ukipata 100, farasi amemaliza kwa mwendo uleule wa wastani wake. Jike lake lilipata 106. Mbio ya kwanza ilitoa 97. Uwanja huu unaishia tambarare, kwa hiyo farasi aliyegawa nguvu vizuri huangukia karibu na 100. Cheltenham, ambako mwisho unapanda kilima, au Sandown, nisingetumia kipimo hichohicho. Namba ya 106 inaonyesha tu kwamba mbio ilianza polepole mno. Wala haisemi jike ni baya! Hilo nililirudia mara tatu. Huenda ana 130 mwilini, huenda ana 140. Leo hakuulizwa.

"Kwa hiyo kosa lake ni kushinda kirahisi?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu si swali la kijinga. Farasi hachagui mwendo, na mara nyingi hata joki huletewa mwendo na wenzake. Nikamtajia farasi Crisp. Kimya kikaingia upande wa pili. Waingereza wa umri wake ukiwatajia Crisp ni kama umemtaja marehemu wa ukoo. Grand National ya 1973, ile mbio kubwa ya kuruka pale Aintree, Crisp alibeba uzito wa juu kabisa, ratili 168, akawaacha wenzake mbali kiasi kwamba alionekana anakimbia peke yake. Kipande cha mwisho, baada ya kuruka vizuizi vyote 30, miguu ikawa ya mlevi. Red Rum, aliyebeba ratili 23 pungufu, akamkamata hatua chache kabla ya mstari na kumpita kwa robo tatu ya urefu. Dakika tisa na sekunde 1.9. Rekodi ya awali ilivunjwa kwa mbali, na aliyeshindwa naye alikuwa ameivunja. Ukiangalia mwisho peke yake, Crisp ni farasi aliyekata moto. Ukiweka saa kwenye mbio nzima, ni mmoja wa farasi wakubwa waliowahi kushindwa.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Baba alizima televisheni." Kisha, baada ya kutulia kidogo: "Lakini 118 ni tusi."

Hapa katikati kulikuwa na mbio nyingine mbili, nilizipiga saa, namba zipo, siwezi kuwaambia chochote kuzihusu.

Simu ya tatu ilikuja saa tisa na dakika kumi, na hiyo siwezi kumsamehe. Jua la majira ya baridi lilikuwa limeshuka usawa wa macho ya majoki, kwa hiyo wasimamizi waliamua vizuizi viwili vya mnyoofu visirukwe, kwa usalama. Ni uamuzi sahihi. Kwangu ni msiba. Mbio ya sita, ya maili tatu yenye vizuizi 18, ikabaki na 12, na sita vilivyoondoka vilikuwa alama zangu. Farasi wanazungushwa pembeni, umbali unabadilika kidogo, na hawapotezi tena ule mwendo ambao farasi aliyegonga kizuizi huutafuta upya kwa hatua kadhaa. Vipimo vyangu vyote vya siku za kawaida havifai. Nilikuwa nimesimama na stopwochi mkononi nikitafuta nguzo yoyote ya kutumia badala yake, simu ikatetemeka mfukoni, nikatazama, utepe ukaruka.

Nikabonyeza nimechelewa. Sekunde moja? Mbili? Ukishaanza kujiuliza, umeshapoteza.

Mbio ya saba niliipiga vizuri na sikumbuki hata rangi ya aliyeshinda. Giza likaingia, vidole vimekufa, chai ya kwenye kikombe cha karatasi imepoa. Treni ilichelewa kidogo. Nilisinzia nikapitiliza kituo.

Nyumbani, sijui saa ngapi, baada ya kula. Video ya mbio ya sita. Hapa ndipo kazi inapokuwa kazi. Picha ya televisheni huku ina fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sehemu nne za mia ya sekunde, na katika fremu moja farasi amesogea kama nusu mita. Nabonyeza mshale, fremu moja, fremu moja. Utepe uko chini. Utepe uko chini. Utepe umetia ukungu. Utepe uko juu. Naandika. Kisha kizuizi cha kwanza: kamera iko pembeni, kwa hiyo farasi wa upande wa mbali anaonekana ameruka kabla hajaruka, lazima nimtazame kiongozi peke yake na kivuli chake. Kwato mbili za mbele ardhini. Kwato moja. Hewani. Naandika. Kisha ile nguzo ya uzio karibu na vizuizi vilivyofungwa, mizunguko mitatu. Mara mbili ilizibwa na farasi wa daktari wa mifugo, yaani gari lake, nimechoka hata maneno yanagongana.

Nilikuwa nimechelewa kwa sekunde moja na fremu 17.

Saa tano usiku nikarudi kwenye mbio ya kwanza kuandika maelezo ya mwisho, kile wateja wanachosoma asubuhi. Kwa yule mwenye baka jeupe, wa nne, aliyechekwa, niliandika mistari mitatu: aliongoza kwa mwendo ambao hakuna farasi wa leo angeuhimili, aliruka safi viunzi vyote akiwa kwenye mwendo huo, afuatiliwe akipata joki atakayembana mwanzoni au uwanja utakaompumzisha. Namba yake niliiweka juu ya jike. Nikakaa nikiitazama kidogo, kwa kuwa nilijua simu nitakazopata, kisha nikatuma.

Dakika sita baadaye ujumbe ukaingia. Sikutaka kuufungua. Alikuwa bwana yuleyule, hana salamu: "Huyo wa nne wa mbio ya kwanza. Unajua kama mwenyewe anauza?"

Chini yake kulikuwa na wa shemeji, wa mchana, sikuwa nimeuona. "Shem niliweka hela kwa yule mwenye baka. Amenichania mkeka."

Kesho ukaguzi wa barafu ni saa moja na nusu, uwanja mwingine, na wanasema uzio umesogezwa tena.